Jedwali lisilokuwa kwenye mchoro

Ripoti ya wadaiwa sugu ilitoka na majina ya watu waliolipa. Ndiyo maana niliitwa kwenye ile SACCOS ya walimu, na kabla sijafungua kompyuta mwalimu mmoja mstaafu akanitandazia risiti zake mezani: “Mwanangu, mihuri hii ni ya hapa au si ya hapa?” Ilikuwa ya hapa.

Programu ilikuwa ya Java, Spring Boot (fremu ya kujengea programu) juu ya databesi ya PostgreSQL, na aliyeiandika alishahamia kazi nyingine. Nikachungulia jedwali la rejesho: malipo ya mwalimu yalikuwemo, kila moja na mkopo_id yake sahihi, yaani namba ya mkopo unaolipwa. Data ipo, ripoti haiioni. Mhasibu alishaanza kumshuku keshia wa dirishani, na keshia huyohuyo ndiye aliyenipa mwanga: “Kaka, wanaolalamika ni wanaolipa hapa kwangu tu. Wa simu hawaji.”

Nikawasha show-sql, mpangilio unaoonyesha maombi yanayotumwa, nione Hibernate (sehemu inayounganisha klasi za Java na majedwali) inaiomba nini databesi. Likatokea jina la jedwali ambalo halikuwa kwenye mchoro wowote wa databesi: mkopo_marejesho.

Klasi ya Mkopo, yaani kiolezo cha mkopo ndani ya Java, ilikuwa na orodha ya marejesho yenye @OneToMany tupu (mkopo mmoja, marejesho mengi). Klasi ya Rejesho ilikuwa na @ManyToOne (marejesho mengi, mkopo mmoja) inayorudi kwa Mkopo. Binadamu akisoma anaona uhusiano mmoja wenye pande mbili. Hibernate, isipoambiwa kwa mappedBy kwamba orodha ni upande wa pili wa uhusiano uleule, huona mahusiano mawili yasiyojuana, na lile la orodha hulitafutia jedwali la tatu la kuunganishia. Mpangilio wa ddl-auto, unaoamua Hibernate iyafanye nini majedwali, ulikuwa update (ongeza kinachokosekana), basi likaundwa bila mtu kuulizwa. (Update kwenye sava ya kazi sijawahi kuipenda.)

Dirishani, msimbo wa programu uliita setMkopo, amri ya kuliambia rejesho mkopo wake, na kujaza mkopo_id. Malipo ya simu yaliongezwa kwenye orodha, yakasajiliwa katika jedwali la tatu huku mkopo_id ikibaki tupu. Ripoti nayo ilisoma orodha. Keshia hakuwa na kosa lolote, nikamwambia mhasibu mbele yake.

Kijana wa mafunzo kazini akakimbilia kuandika mappedBy = "mkopo_id", programu ikagoma kuwaka. Pale panatakiwa jina lililo ndani ya klasi ya Java, yaani mkopo, si jina la safu ya jedwali. Na hata angepatia, kibao kingegeuka: wa simu ndio wangekuwa wadaiwa sugu. Tukachukua kwanza nakala ya databesi, tukahamisha namba za mikopo kutoka jedwali la tatu kwenda kwenye safu zilizokuwa tupu, ndipo tukaweka mappedBy, na njia ya simu nayo ikaanza kuita setMkopo.

Jedwali lile nililifuta kwa mkono, maana update haifuti majedwali, kisha nikabadili mpangilio uwe validate, yaani kagua tu bila kubadili kitu. Programu ikagoma tena. Safari hii ilikuwa safu ya riba: kwenye klasi ni BigDecimal, namba yenye desimali, kwenye databesi ni namba nzima. Kumbe klasi ilibadilishwa zamani, na update haikuigusa aina ya safu iliyokwisha kuwepo.

Mhasibu akauliza, “Sasa riba yetu ya 1.5 imekuwa ikihifadhiwaje?”

“Kama 2,” nikamjibu, na tukaanza ripoti nyingine.