Jina Moja, Mafaili Mawili

Mwaka 2017, wakati wa mvua, mama mmoja aliletwa kwenye zahanati tuliyokuwa tukiihudumia mjini Arua, Uganda, akiwa amevimba midomo, na ngozi ya mikono imefanya malengelenge. Siku chache kabla alikuwa amepewa vidonge vya salfa pale pale. Na mwaka mmoja nyuma, pale pale, alikuwa ameeleza kwamba salfa humdhuru, na maneno yake yakaandikwa. Yaliandikwa kwenye mfumo wa kompyuta nilioujenga mimi.

Jina lake halisi nitaliacha. Tumwite Zubeda.

Asiyeijua Uganda huenda akauliza, mgonjwa hana kumbukumbu zake mwenyewe? Anazo. Kwetu mtu huenda hospitali na daftari la shule, lile jembamba la kurasa 32, na humo mganga huandika kila kitu: homa, kipimo, dawa. Daftari la Zubeda lilikuwa limelowa mvua akirudi kutoka soko la Ariwara, ng'ambo ya Kongo, wino wote ukayeyuka. Akanunua jipya. Kwa hiyo siku ile kumbukumbu pekee iliyobaki ya salfa ilikuwa kwenye seva yetu, na seva ilipoulizwa ilijibu kwamba mtu huyo hayupo. Mara ya kwanza jina liliandikwa Zubeda, mara ya pili likatafutwa Zubeida. Herufi moja tu. Wakamfungulia faili jipya, tupu.

Alipona, alhamdulillahi. Lakini nilipofika masjala, Hajati aliyekuwa akiandikisha wagonjwa hakuniangalia usoni. Ana umri wa mama yangu, na aliandika wagonjwa kwa mkono miaka mingi kabla mimi sijamletea kompyuta. Nilimsalimu, akaitikia taratibu, kisha akasema, "Mwanangu, mimi nimeandika nilivyosikia."

Sikuwa na la kumjibu, kwa sababu alikuwa amesema kweli. Arua jina la mtu hupita kwenye masikio mengi. Yupo anayeongea Kilugbara, yupo wa Kinubi, yupo aliyetoka Sudan Kusini, yupo aliyesoma Kongo na kuandika kwa mtindo wa Kifaransa. Sisi tunaounganishwa na Kiswahili cha sokoni tunaelewana vizuri kwa mdomo, ila kwenye karatasi kila mmoja ana njia yake. Aisha wa Bunia huja na kadi iliyoandikwa Aïcha, na nukta mbili juu ya i. Mimi mama yangu ni wa huko huko, nililijua hilo tangu utotoni. Nikajenga mfumo kana kwamba silijui.

Seva yenyewe ilikuwa kompyuta ya mezani iliyowekwa chini ya meza ya ofisi, ikiendeshwa na mfumo wa Ubuntu 16.04. Mbele ilikuwa Apache, inayotuma kurasa kwenye kivinjari, katikati PHP 7.0, lugha niliyoandikia programu, na nyuma PostgreSQL 9.5, hifadhidata, yaani ghala la kumbukumbu zote. Nilikuwa nimesoma kwamba PostgreSQL ina kiendelezi, yaani nyongeza ya kuipa uwezo zaidi, kiitwacho pg_trgm, ambacho hulinganisha maneno kwa kuyakata vipande vya herufi tatu tatu. Wakati huo Arua haikuwa imeunganishwa na gridi ya taifa, na umeme wetu haukuwa wa kutegemea, kwa hiyo jioni ile nilichaji betri ya akiba, nikanunua bando la intaneti, nikabaki peke yangu baada ya Isha.

Niseme kidogo kuhusu neno kiendelezi, maana hapa vijana wengi ninaowafundisha hujikwaa. Kuna viendelezi vya PHP na kuna viendelezi vya hifadhidata, na ni vitu viwili tofauti kabisa. Cha PHP, yaani pgsql, ndicho kinachoiwezesha programu kuongea na hifadhidata. Kikikosekana, programu hulalamika kwamba haioni kiendeshi, nawe unasakinisha kifurushi chake, wakati ule php7.0-pgsql, na kuwasha upya Apache. Hicho nilikuwa nacho tangu mwanzo. pg_trgm inaishi ndani ya hifadhidata yenyewe. Ukihangaika na php.ini, faili la mipangilio ya PHP, usiku kucha hutaipata.

Niliandika CREATE EXTENSION pg_trgm, amri ya kukiweka. Jibu likaja kwamba faili la pg_trgm.control halionekani. Kwenye Ubuntu ile, viendelezi hivi havikuja pamoja na PostgreSQL 9.5. Vilikuwa kwenye kifurushi cha pembeni, postgresql-contrib. Nikakipakua, mtandao ukisuasua, nikitazama asilimia zikipanda moja moja. Kikaingia. Nikarudia amri. Safari hii jibu likaja kwamba akaunti yangu haina ruhusa, ni mtumiaji mkuu tu anayeweza. Hapo palikuwa na njia ya mkato iliyonivuta: kuipa akaunti ya programu mamlaka ya mtumiaji mkuu, mambo yaishe. Sikuifuata, na hata leo namkataza mtu yeyote kuifuata. Programu inayopokea maneno kutoka kwenye kivinjari cha kila mtu ikiwa na mamlaka hayo, siku mtu akipenyeza amri yake ndani ya kisanduku cha kutafutia, anamiliki kila kitu. Na kila kitu hapa ni magonjwa ya watu.

Nikaingia kwa akaunti ya postgres, ya mtumiaji mkuu mwenyewe, nikarudia amri, ikakubali bila neno. Nikakipakua, mtandao ukisuasua, nikitazama asilimia zikipanda moja moja. Kikaingia. Nikaandika upya swali la kutafuta, nikafungua kivinjari, nikaandika Zubeida.

Programu ikasema kitendakazi similarity, kile cha pg_trgm kinachopima mfanano, hakipo.

Nilirudi kwenye dirisha jeusi la kuandikia amri, nikakijaribu pale, kikafanya kazi. Nikarudi kwenye kivinjari, hakipo. Niliwasha upya Apache, nikawasha upya PostgreSQL yenyewe, hakipo. Saa sita ya usiku ikapita. Betri ya akiba ilianza kulia. Nilikuwa na picha ya ile mikono kichwani, na nikaanza kuamini kwamba kuna kitu kikubwa kimeharibika ndani kabisa, kitu nisichokuwa na elimu nacho.

Hakikuwa kikubwa. Niliandika \dx, amri inayoorodhesha viendelezi, na kwa mara ya kwanza nikalisoma neno lililo mwanzoni mwa mstari wa kuandikia: postgres. Ukiingia kwa akaunti ya postgres bila kutaja hifadhidata, unapelekwa kwenye hifadhidata yenye jina hilo hilo. Na kiendelezi hakisambai kwenye seva nzima. Huwekwa ndani ya hifadhidata moja, ile uliyomo. Nilikuwa nimekiweka kwenye chumba kisicho na mtu. Wagonjwa wetu wote walikuwa kwenye hifadhidata ya jirani, iitwayo zahanati. Nikaandika \c zahanati ili kuhamia humo, nikarudia CREATE EXTENSION, nikafungua kivinjari.

Nikaandika Zubeida. Zubeda akatokea, mstari wa kwanza, na tahadhari yake ya salfa.

Hesabu yake nzuri, na niliifanya kwa kalamu usiku ule ule nihakikishe naielewa. Zubeda hukatwa vipande 7, Zubeida 8, ukihesabu nafasi mbili zinazowekwa mbele ya neno na moja nyuma. Vinavyofanana ni 5, na jumla ya vipande tofauti ni 10, basi mfanano ni 0.5. Okello na Okelo wanapata 0.625. Kiwango cha kawaida cha kukubali ni 0.3, na nilikiacha hapo makusudi, kwa sababu Ali na Aly wanapata 0.33 tu, jina fupi lina vipande vichache, herufi moja huliumiza sana. Matokeo yake ni kwamba ukimtafuta Ali, Alima anakuja juu ya Aly. Niliona ni heri Hajati aone watu watano na kuchagua kwa kijiji na mwaka wa kuzaliwa kuliko aambiwe hakuna.

Kwa Aïcha nililazimika kuongeza kiendelezi cha pili, unaccent, kinachoondoa alama za Kifaransa. Pamoja na nukta zake, Aïcha na Aisha wanapata 0.2, hawafahamiani. Ukiziondoa wanafika 0.33. Nilitaka unaccent itumike moja kwa moja kwenye faharasa, ile orodha inayoharakisha utafutaji, PostgreSQL ikakataa kwa kuwa haikihesabu kitendakazi hicho kuwa cha jibu lisilobadilika kamwe. Nikatengeneza safu ya ziada inayohifadhi jina lililokwisha safishwa, nikaijengea faharasa hiyo. Adhana ya alfajiri ilinikuta hapo.

Asubuhi nilimwonyesha Hajati. Alivaa miwani, akaandika majina kama kumi bila kusema kitu. Kisha akaandika Yusuf, akasubiri, akageuka.

"Youssouf yuko wapi?"

Nikaangalia. Hakuwepo. Nikahesabu: vipande 2 kati ya 13, mfanano 0.15. Musa na Moussa vivyo hivyo, 0.2. Kwa sikio ni mtu mmoja, kwa herufi ni watu wawili wasiojuana, na hakuna kiwango ambacho ningekishusha mpaka hapo bila kumletea nusu ya Arua kwenye skrini.

Nilianza kumweleza habari za vipande. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, halafu akavuta droo na kutoa daftari la shule, la kurasa 32, jipya. Akapiga mstari katikati ya ukurasa wa kwanza.

"Basi tutaandika," akasema. "Mimi nataja, wewe unaiingizia mashine."

Tuliongeza jedwali dogo kwenye hifadhidata, jina upande huu na ndugu zake upande ule. Nilikaa kwenye kiti cha wagonjwa, yeye akisoma. Yusuf, Yusufu, Youssouf. Musa, Moussa. Fatuma, Fatma, Fatouma. Majina aliyokuwa ameyaandika kwa mkono miaka yote ile yalimtoka kwa mpangilio, bila kukwama, na kati ya jina na jina alikuwa akiniambia la nani, anakaa wapi, watoto wangapi. Tulipofika Isa alisimama kidogo, akafuta kalamu kwenye kanga.

"Huyu ana manne," akasema. "Anza na la Kongo."