Sukari Ilinitangulia, Homa Ikafuata: Malaria Yangu ya Masika

Nina kisukari cha aina ya pili, mwaka wa tisa sasa, na sukari yangu naijua kama ninavyoijua njia ya sokoni Muheza. Asubuhi kabla ya kula huwa 7 (kwa kipimo cha milimoli kwa lita), ikizidi sana 9. Kwa hiyo masika yaliyopita mashine ilipoandika 16.8, nami usiku nilikula mchicha na kipande cha ugali tu, nilijua pana jambo. Homa haikuwapo. Kichwa kizito kidogo, basi.

Wifi yangu akaja na lake: "Wifi, usitie kitu mdomoni mpaka ishuke." Ushauri huo mpaka leo unaniudhi kuliko malaria yenyewe. Nilishinda na maji na majani ya mwarobaini, huku dawa zangu za sukari, metformini na glibenklamidi, nikizimeza kama kawaida. Kesho yake 18. Jioni baridi ikanishika, viungo vikauma, nikatapika.

Zahanati walinitoboa kidole, kipimo cha haraka kikaonyesha malaria. Muuguzi akanieleza vizuri: "Mama, si chakula hicho. Mwili ukipambana na vimelea unamwaga homoni za kotisoli na adrenalini, na hizo hupandisha sukari." Tena uvimbe wa ndani unaoletwa na vita hivyo huifanya insulini, homoni inayoshusha sukari, isisikilizwe na mwili. Na sukari ikikaa juu, chembe nyeupe za damu huwa goigoi, hazikimbilii adui wala kummeza ipasavyo. Baadaye nilisoma kwamba utafiti wa Kumasi, Ghana, uliotoka 2010, ulikuta wenye kisukari cha aina ya pili wanabeba vimelea vya malaria zaidi ya wasio nacho. Kumbe chandarua kwangu ni dawa kama vile vidonge.

Nikapewa mseto, vidonge vya malaria, nikarudi nyumbani. Hakuna aliyeniuliza natumia dawa gani za sukari, nami sikusema. Wewe sema hata usipoulizwa.

Usiku ule ndio wa kusimuliwa. Nilimeza mseto, nikameza na glibenklamidi, tumboni hamna kitu. Kama saa nane jasho likanitoka, shuka likalowa chapachapa. Nikafurahi! Nikamwambia mwanangu, "Homa inaachia, nenda kalale." Akanitazama mikono inatetemeka, akaniita, nikamjibu maneno yasiyoeleweka. Akasema, "Mama, tupime kwanza." Mimi nakataa, nasema vijiti vya kupimia ni ghali, visichezewe. Akapima kwa nguvu: 2.8. Jasho lile halikuwa la homa kuachia, sukari ilikuwa inaporomoka. Akakoroga vijiko vitatu vya sukari katika maji, akaninywesha polepole, akangoja robo saa, akapima tena: 4.3. Ndipo akanipa uji. Kijana wa miaka 19, na ndiye aliyeniokoa.

Asubuhi tukaenda hospitali. Daktari akasema glibenklamidi hulikamua kongosho litoe insulini hata kama hujala, na malaria nayo vimelea vyake hula sukari ya damu. Ndiyo maana ugonjwa uleule unaweza kuipandisha leo na kuiangusha kesho. Akanisimamishia glibenklamidi mpaka nianze kula, na metformini mpaka kutapika kukome. Anayejidunga insulini asiikatishe kwa kusikia habari yangu. Amuulize daktari wake.

Kuanzia hapo nilitumia daftari. Saa, sukari, nilichokula, mkojo umetoka au la. Kila baada ya saa nne, hata usiku. Vijiti vilinila hela, elfu ishirini na kitu, karibu thelathini, sikumbuki. Mseto niliumeza na maziwa, kwa sababu bila mafuta kidogo dawa ile haiingii vizuri mwilini, na dozi zote sita nilizimaliza ingawa siku ya pili nilishajiona mzima. Kula nilijilazimisha: uji wa dona mwepesi, vikombe vidogovidogo.

Siku ya sita asubuhi ilikuwa 8.4. Daktari akanirudishia dawa moja baada ya nyingine, siyo zote kwa mpigo. Daftari liko juu ya kabati, na ukurasa wa kwanza mwanangu ameandika kwa herufi kubwa: SUKARI IKIPANDA BILA SABABU, KAPIME MALARIA.