Beseni, sarafu ya kumi na safari ya Kisite

Ile maski ya kuangalia chini ya maji niliinunua Kibuye, soko la hapa kwetu Kisumu, Jumapili moja ya Septemba 2018, nikiwa nimeenda kutafuta mashuka ya mtumba. Ilikuwa imelala katikati ya midoli na viatu vya watoto, kioo hakina mkwaruzo, raba bado laini, na mrija wake wa kupumulia umefungwa hapo kando na kamba. Mama mwenye meza alisema mia tatu, tukaelewana mia mbili. Nilikuwa nimesoma kwa intaneti vile mtu hupima, unaiweka usoni bila kufunga mkanda, unavuta hewa kwa pua, halafu unaachilia mkono, ikibaki imeshika basi inakutosha. Nikaijaribu hapo hapo sokoni watu wakiniangalia. Ikashika.

Chama chetu cha kuweka akiba tuko watu wanane, majirani na wenzangu wa kazi, na mwaka huo tulikubaliana pesa ya mwisho wa mwaka hatugawani wala hatununui sufuria, tunaenda Pwani. Mwalimu wa fizikia ndiye alileta hiyo stori, alikuwa anatamani kuzamia na mtungi wa hewa tangu akiwa kijana, na wengine wakasema wao snokeli inawatosha, kuelea juu tu ukiangalia samaki. Mimi ndio katibu kwa hivyo kazi ya kupanga ikaniangukia, na niliipokea kwa moyo wote kwa sababu nilikuwa na jambo langu ambalo sikuliweka kwa grupu. Nilitaka kwenda na mamangu.

Mama alizaliwa karibu na Dunga, kando ya Ziwa Victoria. Babake alikuwa mvuvi, nyumba waliyokulia ukifungua mlango unaona ziwa, lakini mimi tangu nipate akili sijawahi kumuona akiingia maji kupita vifundo vya miguu. Mwaka 1983 ndugu yake mdogo, mjomba wangu ambaye mimi sikumkuta, alitoka usiku na taa kwenda kuvua omena, upepo ukaja, na asubuhi mtumbwi ukapatikana bila yeye. Walimtafuta siku nne. Mama akisimulia hiyo habari hasemi sana kuhusu upepo, anasema kuhusu maji, vile wanaume walisimama kwa mitumbwi wakidunga chini na miti mirefu kwa sababu hakuna vile ungeona kitu, huku kwetu kwenye ghuba ukiingia mpaka kiunoni vidole vya miguu yako mwenyewe huvioni. Amekuwa akisema neno moja miaka yote, maji hayaonyeshi, na anaamini walipita juu yake hata mara tatu.

Kwa hivyo nilipomwambia, Mama, kuna mahali maji yanaonyesha mpaka chini, alinijibu bila kuinua macho kwa mchele aliokuwa anachagua. "Hakuna, nyathina," yaani mwanangu kwa Kijaluo.

Sikubishana naye. Jioni hiyo nilijaza maji kwa beseni ya kufulia, nikaiweka juu ya stuli pale kwa veranda, nikatupa ndani sarafu ya shilingi kumi, nikamwambia ajaribu tu aone kama maski inaingiza maji kwa sababu kwangu ina kasoro kidogo kwa pua. Haikuwa na kasoro. Alikataa siku mbili, ya tatu akakubali. Kwanza nikamuonyesha kutemea kioo mate ndani ndio kisishike ukungu na hiyo ilimuudhi kabisa, ati mtu mzima ateme mate kwa kitu atakachovaa usoni, mpaka nikatema mimi mwenyewe nikasuuza. Akashika kingo za beseni na mikono miwili, vidole vikikaza mpaka vikawa vyeupe kwa kucha, akainamisha uso polepole kama mtu anayekunywa maji mtoni. Sekunde tatu hivi. Akatoka anahema. Nikamuuliza sarafu imelala upande gani, akasema hakuangalia. Kesho yake akaenda tena, na hiyo mara akaniambia, upande wa namba. Baada ya hapo ikawa kila jioni akitoka jikoni, na mimi naigeuza sarafu bila yeye kuona, na akaanza kupumua na mrija polepole, unaskia ile sauti ya hewa ikienda na kurudi, na akimaliza anasema namba, ama anasema sura. Wiki ya tatu hakuwa anashika beseni tena, mikono ilikuwa kwa magoti.

Upande wa kupanga nao ulikuwa na vita vyake. Kwanza msimu. Kulikuwa na waliotaka tuende Agosti iliyofuata eti bei iko chini, na bei iko chini kwa sababu ya kusi, upepo wa kusini unakoroga bahari na miezi ya Juni mpaka Agosti mashua ndogo zinapata shida kutoka, maji yanakuwa na mchanga na hamuoni kitu. Kaskazi, upepo wa kaskazini, ndio nzuri, kuanzia kama Novemba mpaka Machi. Nikaweka Desemba katikati, shule zimefungwa, halafu nikaangalia kalenda ya mwezi maana mzee mmoja wa Mombasa tuliyefanya naye kazi zamani aliniambia kwa simu, usipeleke mama yako wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, mkondo utamvuta, mpeleke maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, mwezi ukiwa nusu. Hiyo sikuikuta kwa tovuti yoyote ya watalii, na nikiulizwa leo jambo la maana kuliko yote kwa kupanga safari ya mtu asiyejua kuogelea nitasema ni hilo.

Vita kubwa ilikuwa ya siku ya mwisho. Tulikuwa tumepata ajenti wa safari, akatutumia programu nzuri yenye picha, siku ya kwanza Fort Jesus, ya pili hifadhi ya bahari ya Kisite na snokeli, ya tatu asubuhi kuzamia na jioni ndege mpaka Nairobi, halafu nyingine ya Kisumu. Kila mtu alifurahi, ati kuzamia iwe ya mwisho ndio tufunge nayo. Mimi niliisoma usiku nikaskia kitu hakikai sawa. Mtu akipumua hewa ya mtungi chini ya maji gesi ya naitrojeni inaingia mwilini kwa ile presha, na inahitaji muda itoke polepole. Ukipanda haraka mahali hewa ni nyepesi inatoka kwa mapovu, vile soda hufanya ukiifungua ghafla, na hayo mapovu yanaweza kukuumiza viungo ama hata uti wa mgongo. Ushauri wa wazamiaji ni masaa 12 kabla ya kupanda ndege kama umezamia mara moja, na 18 kama umezamia zaidi ya mara moja. Nikampigia ajenti, akaniambia watu hufanya hivyo kila siku na hakuna amekufa.

Mweka hazina akasema basi turudi kwa basi, shida imeisha. Haijaisha. Ndani ya ndege hewa inawekwa kama ile ya mlima wa mita 2,400 ama chini ya hapo kidogo, na sisi tukirudi kwa barabara ya Nakuru tunapanda mpaka Mau Summit kabla hatujashuka Kericho, na Mau Summit inapita hizo mita 2,400, tena Nairobi yenyewe iko karibu 1,700. Mtu wa Mombasa anaweza kuzamia asubuhi na kulala kwake usawa wa bahari. Sisi nyumbani kwetu ni kupita mlimani, iwe kwa ndege iwe kwa tairi. Nilieleza hii kwa grupu mpaka saa tano usiku, na mwalimu wa fizikia akanisaidia, siku ya mkutano alikuja na puto akawauliza ukiteremka nayo mita kumi itakuwa aje, presha inakuwa mara mbili, puto inabaki nusu, na mapafu yako ni puto, ndio maana mzamiaji haruhusiwi kushikilia pumzi akipanda, maana kule chini umeyajaza hewa ya mtungi, na ukipanda hiyo hewa inatanuka mara mbili na mapafu yanaweza kupasuka. Nyumba ilinyamaza. Tukageuza programu yote juu chini, kuzamia siku ya kwanza, Kisite na snokeli siku ya pili, maana snokeli haina neno na mlima, unapumua hewa ya kawaida ya juu, halafu siku ya tatu ndio tuanze kurudi. Ajenti alikataa kubadilisha na dipoziti yetu hakurudisha, elfu moja kila mtu. Iliniuma, na bado naamini tulifanya vizuri kuiacha.

Kulikuwa na mengine madogo, fomu ya daktari inayouliza pumu, moyo na masikio, jirani mmoja mwenye pumu akaamua mapema atabaki na snokeli, na mwingine alitaka mwanawe wa miaka minane azamie tukamwambia wanaanza na miaka kumi. Tulifanya mazoezi Jumamosi nne kwa bwawa la hoteli moja hapa Kisumu. Mama alikuja mara mbili, akakaa kwa ngazi ya bwawa maji yakimfika kifuani, maski usoni, akahesabu vigae vya chini kwa sauti ndani ya mrija.

Tukapanda basi la usiku, asubuhi treni ya SGR pale Syokimau, na jioni tulikuwa tumevuka feri Likoni na tuko njiani kwenda Diani.

Kuzamia kwenyewe nitasema kifupi. Walitufundisha kwanza kwenye bwawa, halafu baharini, na kwa wanaoanza hawakupeleki zaidi ya mita 12, mwalimu amekushika mtungi muda wote. Mita tatu masikio yaliniuma kama mtu ananidunga, nikaonyesha ishara, tukapanda kidogo, nikabana pua nikapuliza taratibu, yakafunguka, tukaendelea. Nilimuona kasa. Lakini mwalimu wetu wa fizikia, mwenye ndoto yenyewe, aliamka na mafua, mafua ya kawaida tu, na yule mwalimu wa kuzamia akamwambia kwa upole, kaka, pua ikiziba masikio hayatafunguka chini, leo siwezi kukushusha. Alikaa kwa mashua na taulo shingoni akitushikia miwani. Hakulalamika hata kidogo, na hiyo mpaka leo inanigusa kuliko yule kasa. Nilikuwa nimepanga kila kitu nikasahau kuacha siku moja ya akiba ya kuzamia.

Kesho yake mapema tukaenda Shimoni. Kijana wa mashua, hata miaka ishirini hajafika, alimwambia Mama "Shikamoo mama" akampa mkono ashuke ngazi ya gati, na Mama akaitikia "Marahaba" kwa sauti ya mtu aliyeheshimiwa. Jahazi likapita kisiwa cha Wasini, tukaona pomboo wanne ama watano, watu wakapiga kelele, Mama akaangalia mara moja akarudisha macho kwa maji ya ubavuni. Alikuwa anaangalia rangi. Kule kwenye matumbawe ya Kisite nahodha akatia nanga, maji yamekuwa ya buluu nyepesi kama kioo cha chupa, na kutoka juu tu ya jahazi unaona mchanga na vivuli vya samaki vikipita juu yake.

Tulikuwa tumekubaliana na nahodha toka kwa simu, jaketi la kuelea, boya la duara la kushikilia, na kijana mmoja wa kumvuta asipige miguu wala kukanyaga matumbawe. Mama alikaa kwa ngazi ya jahazi muda mrefu. Hakuna mtu alimharakisha, niliwaomba hivyo kabla. Akatema mate kwa maski mwenyewe, akasuuza, akavaa. Akashuka. Mimi nilikuwa upande wake wa kushoto na mkono wake umenishika kwa kiwiko, akainamisha uso vile vile kama wa beseni, na nikaskia mrija, hewa ikienda na kurudi haraka haraka, halafu ikapungua.

Chini yetu kulikuwa mita nne ama tano. Samaki wa mistari myeusi na manjano walikuja kundi zima mpaka karibu na kioo, kukawa na matumbawe yamejikunja kama kabichi, na katikati mchanga mweupe una kivuli chetu, sisi wawili na boya, wazi kabisa, mpaka unaona vidole. Mama aliinua mkono mmoja, kivuli kule chini nacho kikainua mkono. Akaurudisha. Akauinua tena.

Aliinua kichwa, akatoa mrija mdomoni, maji yanamtiririka kidevuni. "Yanaonyesha," akasema. Nikasema ndio, Mama. Akakaa kidogo akiangalia upande wa Wasini. "Huku wangemuona siku hiyo hiyo." Halafu akarudisha mrija, akauma vizuri vile nilimfundisha, akainama tena.

Mwalimu wa fizikia alikuwa ameshuka na yeye, anaelea upande ule mwingine na pua yake ya mafua, maana kuelea juu hakuhitaji masikio, akatuonyesha pweza kwenye jiwe. Upepo ukaanza, nahodha akaita mara ya kwanza, chakula kinangoja Wasini. Akaita mara ya pili. Kijana wa boya akaniangalia kama anauliza tufanye nini, na Mama bila kuinua uso akatoa mkono majini akampungia, ngoja.