Siku Shakila Alipoota Ndevu

Likizo ya Desemba 1986 nilishinda dukani kwa mjomba, Ngamiani, Tanga, nikirekodi kanda. Mteja alileta kanda tupu na karatasi ya majina ya nyimbo, sisi tukamtolea kutoka kwenye santuri. Zile ndogo, za mizunguko 45 kwa dakika, nyingi zilikuwa na wimbo mmoja uliokatwa vipande viwili: huku sehemu ya kwanza, nyuma ya pili. Basi usimamishe kanda sauti inapofifia, ugeuze santuri, uteremshe sindano, kisha uachie kitufe kabla gitaa halijalia. Mjomba aliunga usijue palipokatwa. Viungo vyangu mimi vilikuwa kama kiraka cha kaniki kwenye kanzu.

Akaja mama mmoja na kanda ya dakika 60, anataka nyimbo 10 za taarabu, na katika hizo Shakila, yule mwanamama mwimbaji, asikosekane. Binti yake alikuwa anaolewa Jumamosi. Mjomba akaniachia kazi, akaenda zake Pangani.

Spika za duka zilikuwa zimeazimwa kwenye shughuli, kwa hiyo nilirekodi kwa macho: mishale ya redio ikicheza, najua sauti inaingia. Nyimbo 10 za dakika sita sita zilitakiwa zijae pande mbili barabara. Lakini kanda ikaisha nikiwa katikati ya wimbo wa nane. Nikasema huyu mama kauziwa kanda fupi. Nikavunja vile vijino viwili vya mgongoni, asije mtu akarekodi juu yake, nikamkabidhi.

Jumatatu asubuhi alirudi, kanda ameifunga kwenye pindo la kanga. Hata hodi hakupiga.

"Shemeji, huyu mwanao nimempa mwanamke, kanirudishia mwanamume!"

Mjomba akaitia kanda kwenye redio. Ikatoka sauti nzito, inajikokota, kama shekhe aliyeamshwa usingizini akalazimishwa kuimba mapenzi. Kodiani inalia kama ng'ombe. Mama akasimulia jinsi wageni walivyotazamana ukumbini, bibi mmoja akauliza huyu kaka anayeimba ni wa wapi. Mjomba hakusema kitu. Alikwenda kwenye mashine ya santuri akaweka kidole kwenye swichi ya mwendo. Ilikuwa kwenye mizunguko 33, mwendo wa santuri kubwa, badala ya 45. Kabla ya nyimbo za mama nilikuwa nimerekodi santuri kubwa, na sikuirudisha. Kila dakika sita zilikuwa zimevutwa zikawa nane.

Nililia, nakiri. Mama alipewa kanda mpya, bei ikakatwa kwenye posho yangu, na akaondoka akinung'unika kwamba arusi hairudiwi. Alikuwa na haki.

Ile mbovu nilidhani tutaziba vijino kwa karatasi turekodi upya. Mjomba aliitia mfukoni. Jioni, duka likishafungwa, nilimkuta uani na gitaa lake ambalo miaka yote lilimshinda kwa sababu, alivyodai, vidole vya wale wapiga gitaa wa kwenye santuri vilikwenda mbio mno. Kwa mwendo ule wa kobe alizisikia noti moja moja. Shida ilikuwa sauti zote zimeshuka, kwa hiyo alikuwa akilegeza nyuzi, azungushe kidogo, asikilize, alegeze tena, mpaka zikawa zinagonga shingo ya gitaa. "Mjomba," akaniita bila kuinua kichwa, "rudisha nyuma hapo pa kuanzia."