Tulivyomaliza ugomvi wa gharama za barabara na wenzetu wa kushoto

Mimi ni katibu wa umoja wa wakazi, Moshono hapa Arusha. Barabara yetu ya vumbi inatoka lami ikiwa moja. Ikifika njia panda sisi tunakata kulia, wenzetu wa umoja wa pili wanapanda kushoto. Masika yakiisha tunachanga wenyewe: greda, moramu, kuzibua karavati.

Miaka yote tuligawana nusu kwa nusu kwa sababu vikundi ni viwili. Ila sisi tuna nyumba 41, wao 23. Kazi iliyogharimu shilingi 3,200,000 ilifanya nyumba ya kwetu itoe kama 39,000, ya kwao karibu 70,000, na barabara ni ileile. Wakagoma. Watu wetu wakajibu kwamba mashimo yanachimbwa na malori ya mchanga na tofali yanayokwenda kwenye ujenzi wa huko kwao. Maneno yakahamia WhatsApp, watu wakaanza kutajana. Kuna waliotaka tuwawekee geti njia panda. Nililipinga hilo waziwazi. Jirani akiuguliwa usiku apite wapi?

Nikampigia mwenyekiti wao. "Shikamoo mzee. Hela tuziache kwanza. Njoo na watu wako Jumamosi tuitembee barabara kuanzia lami."

"Marahaba, mwanangu. Tutakuja, ila malori msitusingizie."

Kwenye karavati ndipo tulipokaa sana. Mdomo wa upande wa mlimani ulikuwa umeziba kwa mchanga, majani ya migomba na chupa za plastiki. Maji yalikosa pa kupita, yakapanda juu ya barabara na kuchimba pembeni mfereji wa kufika magotini. Malori yalikuta barabara imeshalainika, yakamalizia. Takataka zile hazikuwa na mwenyewe, na hapo hapo ubishi wa nani kaharibu ukapoa.

Tulikubaliana kwamba kipande cha lami mpaka njia panda ni cha wote, kinalipiwa kwa idadi ya nyumba. Baada ya hapo kila upande na chake. Mwenye ujenzi, wa upande wowote, analipia kila tripu ya lori kabla halijaingia. Karavati inazibuliwa Februari, mvua hazijaanza. Kilichotuchelewesha ni nyumba zilizofungwa, wenyewe wako Dar. Nilisimamia kwamba zihesabiwe, na adaiwe mwenye nyumba, si mpangaji, maana mpangaji huhama na deni linabaki.

Kazi ngumu ilikuwa kuwaambia watu wangu kwamba sasa watatoa zaidi. Niliandika hesabu kwenye karatasi ya manila: 3,200,000 gawanya kwa 64, kila nyumba 50,000. Mama mmoja akauliza, "Kwa hiyo miaka yote hii wenzetu walikuwa wanatulipia?" Nikamjibu ndiyo. Walionyoosha mikono kukubali walikuwa wengi kuliko nilivyotarajia.

Makubaliano tuliyasaini mbele ya mwenyekiti wa mtaa na mtendaji, yakagongwa mhuri. Hela ziko benki, watia saini wawili kila upande, na risiti hupigwa picha siku hiyohiyo na kutumwa kwenye makundi yote mawili. Greda limeshapita. Sasa tunajadili taa ya sola ya njia panda, na safari hii wao ndio walioanza kuleta idadi ya nyumba.