Jinsi tulivyopata eneo la malisho kijijini kwetu, Kilwa

Sisi Wabarbaig tulifika Kilwa baada ya serikali kuwaondoa wafugaji katika bonde la Ihefu, Usangu, mwaka 2006 na 2007. Kabla ya hapo wazee wetu walikuwa wamepoteza malisho ya Hanang kwa mashamba makubwa ya ngano ya umma. Kuhamishwa tulikuzoea; tulichokosa ni maandishi ya kututambua kuwa wakazi wa mahali popote.

Septemba 2007 Tanzania ilipiga kura ya ndiyo kwa Tamko la Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu wa Asili. Nalithamini sana tamko hilo, lakini ardhi ya kijiji hugawiwa kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999. Ndiyo maana niliwashawishi wenzangu kwamba, badala ya kutuma wazee wilayani kila ng'ombe wanapokamatwa, tuingie katika mkutano mkuu wa kijiji, ambako kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ana kura.

Kujiandikisha ndiko kulikotuchosha. Tulimpelekea mtendaji orodha ya kaya zote, wanawake wakiandikwa kwa majina yao wenyewe, kwa sababu wanaume huwa machungani na mkutano hauwasubiri.

Mpango wa matumizi ya ardhi ulipoanza kuandaliwa, mzee wa ukoo wetu alichora chini kwa fimbo njia ya ng'ombe hadi mtoni. Jirani yetu Mmatumbi, mkulima wa ufuta, alifuta kipande cha mstari kwa kiganja, akauzungusha nyuma ya shamba lake. "Hapo sawa, mzee wangu, ila ufuta ukiwa bado shambani msipite." Tulikubali, nami nikasisitiza sharti hilo liingizwe kwenye muhtasari na kusomwa kwa sauti kabla ya kusainiwa, kwani ahadi ya mdomo huondoka na mwenyekiti aliyeitoa.

Leo eneo la malisho limo katika mpango uliopitishwa. Mama mmoja wa kwetu ni mjumbe wa baraza la ardhi la kijiji, lenye wajumbe saba ambao wanawake hawapungui watatu, na mgogoro wa shamba na ng'ombe husuluhishwa hapo kabla haujafika polisi. Tunachodai sasa ni lambo, maana kiangazi mifugo hulazimika kutoka eneo hilo kufuata maji, na ombi hilo wakulima nao wamelipigia kura.