Barua ya daktari ilianza Jumatano, dedilaini ilikuwa Jumanne

Mwenzenu nimepitisha dedilaini. Ripoti ya Baiolojia, ile inayobeba alama 20 kati ya 100 za mwaka mzima, ilitakiwa iingie Jumanne kabla ya saa sita usiku, na muda huo mimi nilikuwa ndani ya blanketi mbili natetemeka meno yanagongana. Leo angalau naweza kukaa kwenye kiti ndo maana naandika, kuna jambo limenikaa moyoni kwa kweli.

Ilianza Jumapili usiku. Nilikuwa naandika vizuri tu, jaribio lenyewe nilishalimaliza wiki moja nyuma, lile la kimeng'enya cha kwenye mate kinachovunja wanga, unaweka tyubu kwenye maji ya joto tofauti tofauti halafu kila baada ya sekunde 30 unachukua tone unaliweka kwenye aidini, likigeuka bluu ya kukaribia nyeusi ujue wanga bado upo, likibaki na ukahawia wa aidini yenyewe basi wanga umeisha. Kwenye nyuzi 37 uliisha haraka kuliko tyubu zote, kwenye nyuzi 80 haukuisha kabisa. Jedwali lipo, grafu ipo, imebaki kueleza kwa nini. Mgongo ukaanza kuuma, nikasema ni kukaa sana, ngoja nijinyooshe kidogo alfajiri nitamalizia.

Alfajiri sikuinuka. Jumatatu mama akanipima, nyuzi 39.4, mwili mzima unauma mpaka kope, kikohozi kikavu, na bado nikawa najiambia kesho nitakuwa sawa. Jumanne saa tisa mchana nikajikokota nikafungua laptopu. Mwanga wa skrini ulikuwa unanichoma macho, nikasoma sentensi yangu mwenyewe, nikairudia, nikairudia tena, mara ya nne ndo nikagundua nikifika mwisho wa sentensi mwanzo wake umeshanitoka. Nikaandika neno moja nikalifuta. Nikafunga.

Na hapo ndo nilipokosea, sikumwambia mtu. Mwalimu wa somo tuna namba yake na imeili yake, lakini niliona nikituma meseji saa chache kabla ya dedilaini nitaonekana natafuta kisingizio, bora nipone kwanza nikajieleze nikiwa nimesimama na barua mkononi.

Jumatano mama akanipeleka kwa daktari. Akanipima, akasikiliza kifua, akasema ni homa ya mafua, inaletwa na virusi kwa hiyo antibayotiki hazitasaidia kitu, nipumzike, ninywe vitu vya majimaji kwa wingi, panado ya kushusha homa, na kama pumzi itaanza kubana au homa ikishuka halafu ikapanda tena nirudi haraka. Akaandika barua, mapumziko ya siku 5 kuanzia siku ile. Nikamwomba aandike kuanzia Jumapili. Akaniambia, "Mwanangu, mimi nimekuona leo. Naweza kuandika kwamba umenieleza dalili zilianza Jumapili, ila siwezi kuandika nilikuona mgonjwa siku ambayo sikukuona." Nilikasirika mpaka machozi yakanitoka mbele yake. Sasa hivi namwelewa, barua ya daktari ina thamani kwa sababu anaandika alichokiona, angekuwa anaandika kila anachoombwa hakuna shule ingezipokea. Lakini ona ilivyonikalia vibaya, dedilaini Jumanne, barua Jumatano, siku ile niliyoumwa kuliko zote ndo haina karatasi.

Kwa sheria ya shule yetu kila siku unayochelewa zinakatwa alama 5. Nilipompigia mwalimu hakuwa mkali, alinijibu kwa upole na ndo maana iliniingia zaidi, akasema "Jumanne usiku upande wangu nilichokiona kwako ni kimya, na kwa ambao hawajafanya kabisa nilichokiona ni kimya hichohicho, ningewatofautishaje?" Sikuwa na jibu.

Aliyeniokoa ni dada yangu. Mimi huwa naandikia kwenye Google Docs, na ile inatunza historia ya kila ulichoandika, siku na saa. Tukaifungua pamoja. Jumamosi nimeandika karibu masaa matatu, Jumapili nimeandika mpaka saa tatu na dakika 52 usiku, sentensi ya mwisho imeishia katikati, halafu hakuna kitu mpaka Jumanne saa tisa mchana, neno moja limeandikwa na kufutwa. Nilipoiona ile nililia tena, maana hakuna mtu alikuwa ameniona ile Jumanne nikijaribu. Tukampelekea mwalimu pamoja na barua, ile yenye mstari wa dalili kuanza Jumapili. Akalifikisha kwa wakubwa, jibu likaja kwamba nimepewa zile siku 5 za daktari bila kukatwa, ila ile Jumanne isiyo na barua wameihesabu siku moja ya kuchelewa, alama 5 zimeenda. Zimeniuma, sitadanganya.

Kingine ambacho natamani walimu wangekifikiria ni hizi siku za baada ya homa. Homa ilishuka Ijumaa. Kwenye karatasi nikahesabika nimepona, mtu anakuona unatembea anasema haya kaandike, lakini uchovu na kikohozi vya homa ya mafua vinaweza kukaa na mtu wiki mbili na zaidi hata kama joto limerudi kawaida. Jumamosi niliandika aya moja nikalala masaa mawili, naamka nasoma aya yenyewe haieleweki. Ukimwongezea mgonjwa zile siku alizolala tu, unamwambia aandike akiwa na nusu ya kichwa chake.

Meseji ambayo ningetuma Jumatatu asubuhi, na ningeweza kumwambia dada aniandikie mimi nikiwa nimelala, ilikuwa fupi tu: "Shikamoo mwalimu, naumwa tangu jana usiku, homa imefika 39, ripoti imebaki sehemu ya maelezo, nimeambatanisha ilipofikia." Meseji kama hiyo ikitumwa na mtu mgonjwa kweli sidhani kuna mwalimu anayechukia, na kazi yako inakuwa imeshafika hata kama haijakamilika.

Ripoti nimeituma jana saa kumi jioni. Ile aya ya nyuzi 80 nimeiandika upya mara tatu na ndo naipenda kuliko zote, kwamba joto likizidi umbo la kimeng'enya linaharibika, wanga haushiki tena pale unapotakiwa kushika, na hata ukiipoza ile tyubu hakirudi kufanya kazi. Mwalimu amejibu asubuhi hii, kaipokea, na kaniuliza kikohozi kinaendeleaje.